Jasho la ng'ombe unalipimaje?

Haya jamani tuanze, walio nyuma sogeeni mbele maana leo maiki hakuna. Nani kashawahi kumwona ng'ombe anatoka jasho? Mikono mitatu tu. Anatoka sana, ila halidondoki kama letu, linakauka palepale kwenye manyoya, ndo maana wengi mnadhani anapoa kwa kuhema. Wahemaji ni mbuzi na kondoo, nguruwe jasho karibu hana kabisa anatafuta tope, lakini ng'ombe jua likiwaka, maji mengi anayopoteza kupoza mwili yanapitia ngozini. Mwaka 1969 watafiti Robertshaw na Taylor walichapisha vipimo vya aina nane za wanyama wa jamii ya ng'ombe na swala wa huku kwetu Afrika Mashariki, na hata porini mkubwa kama pofu anategemea jasho, swala tomi yeye anahema.

Sasa kupima. Njia ya kimaskini, na mi naipenda, ni karatasi iliyoloweshwa kemikali ya kobalti kloraidi, ikikauka inakuwa bluu, ikipata unyevu inageuka pinki. Unanyoa manyoya kidogo begani, unabandika kwa selotepu, unahesabu sekunde, ikigeuka haraka basi jasho jingi. Vaeni glavu, hiyo dawa si ya kuchezea. Na ukiwa Tanga au Dar tunza kwenye chupa yenye mfuniko mkali, la sivyo itageuka pinki kabla hujamfikia ng'ombe.

Njia nyingine ni kikombe, unakifunika kwenye ngozi, unapitisha hewa kavu, unapima unyevu inapoingia na inapotoka, ile tofauti unaipigia hesabu na mwendo wa hewa na eneo la kikombe, unapata gramu kwa mita ya mraba kwa saa. Tuseme umepata 100. Ng'ombe wa kilo 400 ana ngozi kama mita za mraba 5, basi ni nusu lita kila saa, na kila gramu ikikauka inaondoka na joto kama kilojuli 2.4, kwa hiyo kilojuli 1,200. Tamu eh? Ila begani si sawa na tumboni, ukipima sehemu moja ukazidisha kwa mwili mzima umejidanganya.

Halafu hili ndo lilinitesa mimi. Tezi za jasho za ng'ombe zinaamshwa na adrenalini, ile homoni inayomwagika mwilini mnyama akishtuka. Mara yangu ya kwanza tulimkimbiza zizi zima, kamba, kelele, watu sita, tukabandika karatasi, majibu ya asubuhi na baridi yake yakazidi ya saa saba mchana! Nikalaumu karatasi, nikalaumu stopuwochi, mpaka mzee mchungaji akaniambia, mwanangu, huyo anakuogopa wewe. Siku nzima nimepima woga.

Kwa hiyo kesho saa moja asubuhi bandani, tunakaa nao nusu saa kwanza, hakuna kugusa, na simu zizimwe.