Siku 21 Kabla ya Shela: Wajibu wa Mfungishaji Ndoa

(Mhadhara uliotolewa Moshi mbele ya wafungishaji ndoa wapya)

Wachungaji, mapadri, mashehe, wenzetu wa ofisi ya wilaya, nanyi washereheshaji mliokubali kukaa nasi leo: asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie maadili ya kazi yetu. Nitaanzia pale panapotubana sote, yaani Desemba.

Desemba ya Kilimanjaro mnaijua. Watu wanapanda nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Dodoma, na kati ya Krismasi na Mwaka Mpya kila ukoo unataka harusi yake. Wiki ya pili ya mwezi simu inaita: "Baba Mchungaji, shikamoo. Ukumbi tumeshalipia, kadi zimetoka, ndafu ameshapatikana. Tunaomba utufungishie tarehe 28." Hesabu siku. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe siku 21 kabla, kisha itangazwe, ili mwenye pingamizi apate nafasi ya kulileta. Siku hazitoshi, lakini kamati nzima inakutazama wewe.

Wapo wanaoziona siku 21 kama urasimu. Mimi naziona ni haki ya mtu ambaye hayumo kwenye kamati ya harusi. Fikirieni mwanamke aliyeko Mbeya, aliyefunga ndoa kanisani na huyu bwana, akaachwa na watoto bila talaka. Mume mwenye ndoa ya mke mmoja hawezi kufunga nyingine wakati ile ya kwanza ingalipo. Hiyo ya pili ni batili. Atakayeumia si yule wa Mbeya peke yake. Huyu aliyevaa shela mbele yako naye ataambiwa baada ya miaka, pengine siku ya kugawana mali, kwamba hakuwahi kuwa mke wa mtu. Ndiyo maana mimi sitosheki na matangazo ya usharika wa nyumbani tu. Bwana harusi akiwa ameishi Dar miaka kumi, wanaomjua wako Dar. Tangazo lisomwe na huko anakoishi, si Kibosho peke yake ambako wanamkumbuka akiwa kijana wa shule.

Dawa ya Desemba ni moja: usitoe tarehe kabla ya kuwaona wahusika. Waambieni waumini wenu tangu Agosti, kabla ya michango kuanza. Mfungishaji akiletewa jambo likiwa limeshagharimu mamilioni, uhuru wake wa kusema hapana umeshapungua. Na bahasha ya shukrani isipokelewe kabla ya mahojiano, hata ikiletwa na mzee unayemheshimu.

Sasa mahojiano yenyewe. Hapa naomba mnivumilie, maana hii ndiyo sehemu tunayoipitia haraka kuliko zote. Sheria inataka ridhaa ya hiari ya wote wawili, na ridhaa haipimwi madhabahuni mbele ya kwaya na wapiga picha. Mwone kila mmoja peke yake. Shangazi atakwambia, "Muulize tu hapa hapa, hana siri na mimi." Mwombe kwa heshima akasubiri nje, umpe kiti na chai. Usimuulize binti kama anampenda mchumba wake, kwa sababu hilo kila mtu analijibu ndiyo. Muulize nani alikuwa wa kwanza kulizungumza jambo hili nyumbani. Muulize: ukisema hapana leo, usiku utalala wapi? Halafu nyamaza. Niliwahi kumuuliza binti mmoja hivyo. Akakunja kona ya kitenge chake, akakunjua, akakunja tena, mwisho akasema, "Baba, mahari imeshaliwa."

Ndugu zangu, hilo si jibu la mtu aliyeridhia. Sheria inasema ndoa haibatiliki kwa sababu taratibu za mahari hazikutimizwa. Basi na mahari iliyolipwa yote, na mbege ikanyweka, haiwezi kuziba pengo la ridhaa.

Kuhusu umri nitasema kwa ufupi. Sheria ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono. Asiyefikisha miaka 18 usimfungishe. Omba cheti cha kuzaliwa, ukitazame mwenyewe.

Waulizeni pia, wote wawili wakiwa pamoja, kama ni ndoa ya mke mmoja au ya wake wengi. Ndoa ya Kiislamu na ya kimila huchukuliwa kuwa ya wake wengi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nyingine huchukuliwa kuwa ya mke mmoja. Maharusi wengi wanaofunga bomani hawajawahi kuliongea hilo nyumbani, na ni heri walisikie kwako mapema.

Leseni ya kufungisha ndoa ni yako wewe uliyepewa. Rafiki wa bwana harusi aliye mhubiri akija kutoka nje ya nchi, mpe nafasi ya kuhubiri na kuomba. Viapo uvipokee wewe na cheti ukisaini wewe.

Na cheti hakijazwi juu ya boneti ya gari huku matarumbeta yanalia. Kaa mezani. Jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, maana mjane anayeitwa Anna kwenye cheti na Hannah kwenye kitambulisho atazungushwa miezi kwenye mirathi na mafao. Mashahidi wawe wawili au zaidi, waliosikia kwa masikio yao. Nakala ya msajili iende kwa msajili, isilale kwenye droo ya ofisi ya kanisa. Washereheshaji, saini zikichelewa, pigeni muziki. Msitangaze kwenye kipaza sauti kwamba tunamsubiri mchungaji.

La mwisho ni namna ya kukataa. Waambie wahusika kwanza, kamati baadaye. Alichokwambia binti faraghani kisitoke kinywani mwako, hata kwa mama yake. Mbele ya ukoo sema masharti hayajakamilika na kwamba mimi mfungishaji ndiye niliyekataa. Wakasirike, walaumu, lawama ziishie kwako, ili yule binti awe na pa kulala. Na kama anaogopa kurudi nyumbani, kituo cha polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Usimwelekeze njia tu, nenda naye.

Tuanze maswali. Nitaomba wenzetu wa bomani watangulie.