Roboti za kolabo: ni rangi tu ao ni motoka yenyewe?

TRÉSOR: Jambo yenu wote, tuko hapa Lubumbashi, kwa yaya Gisèle kule Kamalondo, kama unasikia makelele ni watoto wanapiga mupira nyuma ya nyumba, tutawaacha. Leo ni Transformers, zile roboti za kuchezea zinageuka motoka, lakini za kolabo, zile mwenye kuzitengeneza, kampuni Hasbro, anakaa na watu wa filme ingine ao wa mchezo wa video wanatoa roboti moja yenye baba wawili.

GISÈLE: Na hatutakubaliana, nasema mapema.

TRÉSOR: Anza basi, yaya.

GISÈLE: Mi naanza na wale wanasema kolabo zinaharibu Transformers, eti zamani ilikuwa safi. Zamani gani? Mwaka 1984 Hasbro alichukua roboti za Takara za Japani, za Diaclone na za Micro Change, akazipa majina mapya na hadithi mpya, Optimus mwenyewe, mukubwa wao, yule anageuka kamio, lori, alikuwa ya Diaclone mbele aitwe Optimus. Halafu Jetfire wa 1985, ile ni Valkyrie ya Macross kabisa, katuni ingine ya Japani, kalibu ileile, ndege ya hadithi ya watu wengine wakaibandika alama ya Autobot, kundi la Optimus, na kwa katuni ikabidi wamubadilishe sura wamuite Skyfire. Kwa hiyo kolabo ilikuwa ndani tangu siku ya kwanza.

TRÉSOR: Hapo sikatai. Shida yangu ni wakati wanashirikiana kwa rangi tu. Angalia 2019, filme S.O.S. Fantômes, ile ya Ghostbusters, inatimiza miaka 35, wakatoa roboti mbili. Moja ni Ectotron, ile Cadillac nyeupe ya 1959 yenyewe inasimama inakuwa mutu, na mashine ya kukamatia mizimu iko mugongoni, ile mi naikubali mia kwa mia. Ya pili ni Optimus, kamio ileile ya MP-10, Optimus ya watu wazima wenye kukusanya, tulikuwa nayo tangu 2011, wakaipaka nyeupe wakaiita Ecto-35. Sasa pale ushirikiano uko wapi? Filme ile haina kamio!

GISÈLE: Sawa, lakini usiseme rangi haina maana. Chukua MP-10 ingine, ile ya katuni ya Japani Evangelion, zambarau na kijani. Kalibu hawakuigusa, kamio ni ileile, lakini ukiiweka kwa meza mutu mwenye aliona Evangelion hata dakika kumi anajua ni Eva-01, roboti kubwa ya ile katuni, ju rangi ile njo sura yake. Nyeupe ya kwa S.O.S. Fantômes si sura, nyeupe ni nyeupe tu hata friji iko nyeupe, sura ya ile motoka ni urefu wake na yale mataa ya juu. Kwa hiyo mi nauliza hivi kila mara: kitu gani kinafanya watu wamutambue huyu? Kama ni rangi, paka rangi. Kama ni umbo, lipa pesa utengeneze kalibu mpya.

TRÉSOR: Hmm. Hiyo naichukua yaya, kweli. Na ndiyo maana Gigawatt ya 2020 inanigusa, motoka DeLorean ya filme Retour vers le futur, ile Back to the Future, ju hawangeweza kutoroka, bila motoka ile hakuna kitu. Yangu ilikuja kwa mizigo ya binamu, alipitia Dubai, nilingoja miezi minne, siku ilifika sikulala.

GISÈLE: Nakumbuka, ulinipigia saa sita ya usiku.

TRÉSOR: Ju mbele yake nilikuwa nimenunua Bumblebee moja hapa kwa soko, kartoni safi, jina limeandikwa vizuri, kumbe ni kopi. Mara ya tatu kumugeuza, ile boli ya bega ikapasuka katikati. Nikapasha musumari kwa moto, nikatoboa plastiki pande mbili, nikapitisha waya, mukono ukashika, lakini haiinuki tena, iko vile mpaka leo. Kwa hiyo nilipogeuza Gigawatt mara ya kwanza nilikuwa naenda polepole, kila kiungo nasikiliza, tak, tak, mpaka mutu akasimama.

GISÈLE: Na ya K 2000, ile filme ya televisheni Knight Rider?

TRÉSOR: Eeeh, Agent Knight! Pontiac nyeusi, taa nyekundu kwa pua. Hapa kwetu nani hakuangalia K 2000, sauti ya Kifaransa, muko watoto kumi na mbili mbele ya televisheni moja.

GISÈLE: Ile mi naikataa. Nisikilize vizuri. DeLorean haina roho, ni motoka, ukiipa roho umeongeza kitu. KITT, ile Pontiac, anaongea tayari, anakasirika, anamupenda dereva wake Michael, ni mutu tayari na uzuri wake wote ni kwamba hana mikono wala miguu! Ukimusimamisha kwa miguu miwili umemuondolea kile kilimufanya KITT.

TRÉSOR: Mi naona umemupa kile alikosa. Hapo tubaki hivyo. Lakini ile inanitoa machozi kabisa ni Optimus wa PlayStation. Takara Tomy, wale Takara wa mbele, walitoa mbili, Megatron, adui ya Optimus, anageuka Mega Drive, mashine ya mchezo ya Sega, Optimus anageuka PlayStation ya kwanza, ile ya kijivu. Yaya, kule Katuba tulikuwa tunalipia mechi, na mashine ilikuwa imechoka, haisomi CD mpaka uigeuze kichwa chini, mwenyewe anaikamata hivi kama mutoto, anafunga kifuniko, sote tunanyamaza tukingoja ile sauti ya kuanza. Mashine ile kwangu ilikuwa na roho mbele Takara Tomy hawajaipa.

GISÈLE: Sasa ungepewa kolabo moja ya hapa kwetu?

TRÉSOR: Howo. Ile kamio ya Wachina ya kabini nyekundu inayobeba shaba kwenda Kasumbalesa, mupakani wa Zambia. Watoto wanaitengeneza kwa waya tayari, na vioo vya pembeni, na matairi ya kandambili zilizokatwa.

GISÈLE: Na itageuka vipi? Usiniletee rangi tu.

TRÉSOR: Haina haja ya rangi! Umeona fundi akiitengeneza kando ya njia? Anafungua komeo, kabini nzima inainama mbele, inaangalia chini, moteri yote inabaki wazi kama kifua. Kabini ikiinama hivyo tayari iko kichwa cha mutu anasalimia. Baki mikono tu.

GISÈLE: Mikono itoke kwa bene, kule nyuma kwa kubebea mizigo, upande na upande.

TRÉSOR: Na vile vipande vya shaba anavibeba mugongoni, havishuki. Juma ijayo nakuja na ya waya, tutakunja kabini hapa kwa meza.