Kabla ya kulaumu mkono wako, pima mpira kwanza

Niaje wadau. Leo tuko mtaa wa Umoja, Nairobi, kwenye chumba cha pool cha jirani yangu. Ni saa nne asubuhi, wachezaji bado wamelala, kwa hivyo meza ni zetu mpaka saa sita. Nataka kukuonyesha jinsi ya kujua kama mipira unayochezea ni mizima au inakuibia. Vifaa ni vichache: mizani ndogo ya dijitali, ile ya kupimia unga wa keki, rula ya chuma, kipande cha kioo, fimbo mbili, tochi ya simu na kitambaa laini.

Anza kwa kuosha. Mpira mchafu haupimwi. Dogo, sogeza kamera hapa. Huu ni namba 7. Unaona hili doa la buluu? Hiyo ni chaki. Na huu utelezi wa upande huu ni wa mtu aliyekuwa akicheza huku anakula chipsi. Sasa, mpira mweupe ukigonga mwingine, nyuso za mipira hiyo miwili husuguana kidogo kabla ya kuachana. Zikiwa safi, zinateleza. Chaki ikiwa imekaa palepale zinapogusana, zinashikana, na mpira uliolenga unavutwa pembeni. Ulikuwa umelenga sawa kabisa, shimo limekukataa, na wenzako wanacheka. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, kisha ukaushe. Waya ya kusugulia sufuria iache jikoni, na dawa ya kutoa madoa usiilete karibu.

Ukishakauka, umulike na tochi huku ukiuzungusha polepole, kisha upitishe ukucha juu yake. Unatafuta nyufa, vijishimo na sehemu zilizobapa. Huu mweupe wetu ukucha unakwama hapa… na hapa. Haishangazi. Mweupe ndio unaogongwa kila zamu, kwa hivyo huchakaa kabla ya wote. Mipira ya bei rahisi hutengenezwa kwa poliesta, nayo huchakaa haraka. Ile mizuri ni ya resini ya fenoli, kama Aramith zinazotengenezwa na kampuni ya Saluc huko Ubelgiji.

Hiyo resini, kwa njia, ni ya ukoo mmoja na Bakelite, plastiki aliyoivumbua Leo Baekeland mwaka wa 1907. Zamani mipira ya biliadi ilichongwa kwa pembe za ndovu, na hata hizo hazikuwa nzuri hivyo: hewa ikibadilika unyevu, mpira unapoteza uduara wake. Mimi nikikumbuka zile tani 105 za pembe zilizochomwa hapa katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi mwaka wa 2016, nashukuru kwamba plastiki ilipatikana.

Tupime ukubwa. Mpira wa kawaida wa meza kubwa una kipenyo cha milimita 57.15, na tofauti inayokubalika haifiki hata milimita 0.13. Hutahitaji kifaa cha fundi. Panga mipira mitatu kwa mstari kwenye kioo, igusane, halafu laza rula juu yake. Rula ikibembea, wa katikati ni mkubwa. Ukiona mwanga ukipita juu ya wa katikati, huo umeliwa. Badilisha wa katikati mpaka umalize seti. Seti yenye mipira isiyolingana haikazi kwenye pembetatu ya kuipangia, inaacha mianya, ndiyo maana unavunja, yaani unapiga pigo la kwanza, kwa nguvu zako zote na mipira inatawanyika kama imechoka.

Uzito ni haraka: gramu 156 hadi 170 kwa huo ukubwa. Namba 7 ni 166, namba 3 ni 167. Mweupe… 158. Uko ndani ya kiwango, lakini si mwenza wa hawa.

Sasa hapa ndipo penyewe, tulia nami. Weka namba 3 mezani, na mweupe nyuma yake kama sentimita 30, moja kwa moja. Gonga mweupe katikati kabisa, kwa nguvu, ili ufike ukiteleza bila kubingirika. Mipira yenye uzito sawa ikigongana hivyo, wa kwanza husimama kama umepigwa msumari. Ukiendelea mbele, mweupe ni mzito. Ukirudi, ni mwepesi. Tazama: umerudi, karibu upana wa kiganja.

Lakini mkono nao unadanganya. Ukigonga chini kidogo tu, mpira unarudi hata ukiwa mzima. Kwa hivyo rudia mara 10, kisha tumia namba 7 mahali pa mweupe, na ugonge vilevile. Namba 7 umesimama. Tena umesimama. Basi kosa si langu.

Haya niliyajua kwa hasara. Kuna mahali nilikwenda kucheza ugenini, nikapoteza soda tatu mfululizo. Kila nikijaribu kuurudisha mweupe kidogo, unarudi mpaka unaingia shimoni. Mwenyeji wangu alikuwa anagonga taratibu tu, anatabasamu. Alikuwa ameshauzoea ule mpira, mimi nikidhani nimerogwa.

La mwisho ni kubingirika. Laza fimbo mbili sambamba, upande mmoja uinuke kwenye ukingo wa meza, na uachie mpira ushuke polepole. Ukipinda, usihukumu bado. Geuza mpira robo, uachie tena kutoka palepale. Ukipinda upande uleule kila mara, meza ndiyo imeinama, tafuta fundi wa kuisawazisha. Upande ukibadilika kila unapougeuza, uzito wa mpira haujakaa katikati.

Twende kwenye ile meza ya sarafu, unayoitumbukizia pesa ndipo ikupe mipira. Jaribio ni lilelile, na ona, mweupe umerudi sana. Huu hauna ubovu. Meza nyingi za sarafu hutumia mipira ya milimita 50.8, na mweupe wa 47.6, ili ukianguka shimoni mashine iutofautishe na kuurudisha. Kwa kuwa ni mdogo, pia unamgonga mwenzake chini ya katikati, ndiyo maana wakati mwingine unaona wa mbele ukirukaruka. Hapo zoea tu, na gonga juu kidogo unapotaka uende mbele. Usimletee mweupe mkubwa. Utamezwa pamoja na ile mingine, na mwenye ufunguo ameenda Kitengela.

Kwa meza kubwa, si lazima ununue seti nzima. Nunua mweupe peke yake, lakini beba mmoja wa mipira yako na mizani dukani, ulinganishe palepale. Usikubali wa ukubwa mwingine, kwa sababu kimo cha kingo kimewekewa kipenyo cha mpira. Ukibadilisha kimoja, kurudi kwa mpira kutoka ukingoni kunaharibika.

Huu wetu wa zamani nautia mfukoni usije ukarudishwa mezani. Jirani ameshafungua dirisha, na wale vijana wa ghorofa ya pili nasikia wanashuka ngazi.