Mama Lishe wa Chumba cha Nyuma

Shikamooni wazee wangu, na vijana habari zenu. Nimepewa saa nzima niisemee kanuni ya kumtaka anayejenga maghorofa hapa Dar es Salaam atenge fleti za bei nafuu; nitajitahidi nisiimalize.

Nianze na nyumba mnayoijua. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Ilala: korido katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule, uani choo, bafu na jiko. Mwenye nyumba yuko chumba cha mbele, karani chumba cha pili, mama lishe kule nyuma, na wote wanagombania nani kamaliza umeme wa LUKU. Siku hizi wataalamu wanatuambia kuwaweka watu wa vipato tofauti chini ya paa moja ni fikra mpya ya mipango miji. Sisi tumezaliwa humo!

Halafu nyumba inauzwa, inabomolewa, linapanda ghorofa. Mwenye nyumba analipwa, au anaingia ubia na kubakiziwa fleti mbili tatu. Wapangaji wanapewa notisi. Mama lishe anahamia Chanika, kule pembezoni mwa jiji; sufuria zake na wateja wake wamebaki Kariakoo.

Kanuni niliyokuja kuisemea inaanzia hapo. Anayejenga fleti nyingi atenge fungu, tuseme moja katika kila saba, lipangishwe au liuzwe kwa bei anayoimudu mtu wa kipato cha kawaida. Naye aruhusiwe kujenga zaidi ya kiwango cha eneo lile. Wilaya ya Montgomery, jimbo la Maryland kule Marekani, ilianza hivyo mwaka 1974: mradi wa nyumba 50 au zaidi ulitenga asilimia 15, na mjenzi akapata nyongeza ya hadi asilimia 20 ya idadi ya nyumba.

Naona mzee pale ananikunjia uso: mtu na mali yake, alazimishwe kwa nini? Mzee wangu, ghorofa ya kumi si mali yake mpaka apewe kibali. Kiwanja cha vyumba sita kikiruhusiwa kubeba fleti arobaini, bei yake inapanda kabla tofali halijalazwa. Imepandishwa na saini ya kibali. Imepandishwa na barabara. Tangu 2016 mabasi ya mwendokasi yanatoka Kimara hadi Kivukoni, na njia ile ilijengwa kwa fedha za umma. Tena ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, Rais ndiye mdhamini; ulicho nacho ni hati ya miaka 33, 66 au 99, yenye masharti. Kuongeza sharti moja pale mtu anapoomba kubadili matumizi au kuongezewa ghorofa si dhuluma.

Lakini kanuni hii ina mitego. Montgomery mwanzoni waliweka sharti la bei nafuu kwa miaka mitano tu. Walijenga nyumba zaidi ya 10,000, nyingi zikaponyoka kurudi bei ya soko. Kwetu, hati ikiwa ya miaka 99 na sharti liwe la 99. New York nako jengo moja liliwawekea wapangaji wa bei nafuu mlango wao wa pembeni. Fleti zilikuwa 55, walioomba zaidi ya 88,000. Dhiki iliwapitisha mlango wowote.

Mtego wa hapa kwetu haumo kwenye vitabu vya Wamarekani. Ni kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na kodi ya mwezi mmoja ya dalali juu yake. Muuza samaki wa Feri anapata hela kwa siku. Ukimpunguzia kodi halafu ukamdai mkupuo, umemjengea karani wa benki. Kodi ya fleti hizi ilipwe kwa mwezi, iandikwe kwenye kibali chenyewe.

Asilimia ngapi? Johannesburg mwaka 2019 walipitisha 30 kwa miradi ya nyumba 20 na kuendelea. Mimi nisingeanzia huko. Sinza ukitaja thelathini leo, wajenzi watakunja ramani zao. Na msitegemee kanuni hii iiguse Mbagala, ambako watu wanajenga chumba kwa chumba bila kibali. Hii ni dawa ya mahali panapopanda maghorofa, basi.

Ningeanza na hesabu rahisi kuliko asilimia. Ukibomoa vyumba sita vyenye wapangaji, rudisha makazi sita ya kodi ya kulingana, palepale. Magomeni Kota kaya 644 ziliondolewa, zikasubiri miaka, na mwaka 2022 maghorofa mapya yakafunguliwa kwa ajili yao. Ile ilikuwa ardhi ya serikali na fedha ya serikali, sawa. Lakini mnaona kwamba orodha ya wapangaji inaweza kutunzwa, na watu wakarudi mtaa uleule.

Maswali sasa. Naanza na dada mwenye kitenge cha bluu, maana amenyoosha mkono tangu nilipotaja dalali.