Twiga wa Delaware na kodi ya mwenye saluni Maryland

Habari zenu ndugu zangu mnaotazama kutoka Dar, Mombasa, Arusha, Kisumu, Bujumbura na kwingineko. Leo ni kodi ya kampuni hapa Maryland. Najua wengine mnataka kuruka, lakini ngojeni kidogo. Binamu yako mwenye saluni Silver Spring au shemeji yako mwenye malori Baltimore, hili linamgusa mfukoni moja kwa moja.

Marekani majimbo mengi yana kodi yake ya kampuni, juu ya ile 21% ya serikali kuu. Maryland inatoza kampuni 8.25% ya faida. Huyo binamu mwenye LLC, aina ya kampuni wanayotumia wengi wenye biashara ndogo, kwa kawaida halipi hiyo. Faida ya saluni inaingia kwenye ritani yake binafsi. Kwa viwango vya 2024, akiwa kaunti ya Montgomery na faida ya dola 80,000, sehemu kubwa ya pesa hiyo inakatwa 4.75% ya jimbo na 3.2% ya kaunti. Jumla 7.95%. Ukisoma sheria utasema yeye na kampuni kubwa ya jirani wanabeba mzigo unaokaribiana. Sasa tazama kampuni kubwa inavyoupunguza wake.

Kampuni ya maduka inafungua kampuni tanzu Delaware, jimbo jirani, na kuikabidhi nembo ya biashara. Kisha maduka yanailipa tanzu hiyo mrabaha kwa kutumia jina lao wenyewe. Tuseme mauzo ya Maryland ni dola milioni 50 na faida milioni 4. Kodi ingekuwa dola 330,000. Mrabaha ukiwa 5% ya mauzo, milioni 2.5 zinatoka kama gharama, faida inabaki milioni 1.5, na kodi inashuka hadi dola 123,750. Delaware nayo haitozi kodi ya mapato kampuni ambayo kazi yake ni kushika nembo na mali nyingine zisizoshikika. Halafu tanzu inaweza kuyakopesha maduka pesa ileile, na riba ikawa gharama nyingine.

Hili si la kufikirika. Toys R Us, wenye maduka ya vitu vya kuchezea watoto, walikuwa na tanzu Delaware iitwayo Geoffrey, jina la yule twiga wao wa matangazo. Ilipokea mrabaha wa zaidi ya dola milioni 55 kwa mwaka mmoja, bila kulipa kodi ya mapato kwa jimbo lolote. South Carolina ikaitoza kodi, kesi ikafika hadi mahakama ya juu ya jimbo hilo, na jimbo likashinda, 1993. Na pale Wilmington, mji wa Delaware, 1209 North Orange Street, kuna jengo la chini tu, lisilo na ghorofa, ambalo mwaka 2012 liliripotiwa kuwa anwani ya kampuni zaidi ya 285,000.

Nyie wa nyumbani mnaufahamu mchezo huu. Tofauti ni kwamba mrabaha ukitoka Tanzania kwenda nje unakatwa kodi ya zuio 15%, na Kenya 20%. Kati ya Maryland na Delaware hakuna zuio la namna hiyo.

Maryland haikulala. Mwaka 2004 ilipitisha sheria ya kurudisha mrabaha na riba za namna hii kwenye faida inayotozwa kodi. Ila ina misamaha yake, na haigusi njia nyingine: tanzu kuuzia maduka bidhaa kwa bei ya juu, au kuyatoza ada ya usimamizi. Ukiziba tundu moja, panya anatokea jingine.

Dawa yenyewe ni hesabu za pamoja. Kundi lote la kampuni zenye mmiliki mmoja na biashara iliyoungana linaweka faida zote kwenye kapu moja. Malipo ya wenyewe kwa wenyewe yanafutana. Kisha Maryland inachukua fungu lake kulingana na mauzo yaliyofanyika Maryland. Majimbo 28 pamoja na Washington DC yanafanya hivyo, kwa hiyo kampuni inayosema ni mzigo mno tayari inajaza fomu hizo ng'ambo ya barabara. Mwaka 2025 gavana Wes Moore alilipendekeza jambo hili pamoja na kushusha kiwango hadi 7.99%. Bunge halikupitisha.

Wenye biashara ndogo, naomba msikilize hapa. Msidai kiwango kipandishwe. Kiwango kikipanda na mwanya ukabaki, anayeumia ni kampuni ya wastani isiyo na wakili wa Delaware. Daini kapu liwe pana. Na muswada ukitoka, usomeni sehemu mbili. Kwanza, kapu linaishia wapi: likiishia mpaka wa Marekani, faida inahamia Ireland au Bermuda. Pili, hasara za miaka ya nyuma: zikiruhusiwa kutumiwa na kundi zima bila mpaka, mapato ya jimbo yanaweza kushuka miaka ya mwanzo, na wapinzani watasema mpango umefeli.

Bunge la Maryland, pale Annapolis, hukaa siku 90 kuanzia Januari. Muswada wa kodi hupita kamati ya Ways and Means upande wa House of Delegates na Budget and Taxation upande wa Seneti. Fungua akaunti ya MyMGA kwenye tovuti ya bunge mapema, maana dirisha la kujiandikisha kutoa maoni hufungwa kabla ya siku ya kikao, na hapo ndipo wengi hukwama. Si lazima uwe raia. Pakia ukurasa mmoja wa PDF wenye maoni yako na uchague Favorable, yaani unaunga mkono. Ukipewa nafasi ya kusema ni dakika chache tu, kwa hiyo acha salamu ndefu. Taja mtaa wako, idadi ya wafanyakazi wako, na kodi uliyolipa mwaka jana, ya jimbo na ya kaunti, kwa dola.