Usikate fremu: kufufua Honda CG125 nyumbani

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu na vijana, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie kufufua pikipiki ya zamani nyumbani, na kuipamba mpaka iwe ya kwako. Naanza na msimamo wangu, asiyekubaliana nami ajue mapema: pikipiki kuukuu ukitaka kuibadilisha, badilisha kile unachoweza kukirudisha. Bolti inafunguka na kufungika, siti inavuliwa, taa inabadilishwa. Fremu ukishaikata, basi. Mengine yote nitakayosema mchana huu yanatoka hapo.

Sitagusa pikipiki zote. Nitashika moja ninayoijua ndani nje, Honda CG125. Bado zipo uani kwa watu, zimeegemezwa ukutani, kuku wanalala juu yake, na mwenyewe anasubiri kijana wa chuma chakavu apite na mizani. Inaniuma kila nikiona hivyo. Tena wengi wenu mnaoendesha boda za Kichina mmekalia injini ya ukoo huohuo, na huenda hakuna aliyewahi kuwaambia.

Hebu pokeeni hiki chuma, kipitisheni nyuma, kila mtu akishike. Hiyo ni kemshafti ya CG, mhimili unaofungua valvu za injini. Itazame vizuri: ina tumbo moja tu. Injini nyingi zina tumbo la kusukuma valvu ya kuingiza na jingine la valvu ya kutoa. Hapa tumbo ni moja linafanya kazi zote mbili. Kwanini? Honda walishakuwa na CB125, injini nzuri yenye kemshafti juu kabisa, kwenye silinda hedi, ikizungushwa na cheni. Lakini injini ya namna ile inataka oili safi ifike juu kila wakati. Kwenye nchi kama zetu, ambako pikipiki inabeba gunia, mke na watoto wawili, na oili inabadilishwa siku pesa ikipatikana, kule juu ndiko kulikotangulia kufa. Basi wahandisi wao wakaishusha kemshafti chini, karibu na kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, wakaizungusha kwa gia badala ya cheni, na valvu zikasukumwa kwa vijiti virefu viwili. Vitu vya kuharibika vikapungua. Ikatoka mwaka 1976, na mwaka huohuo ikaanza kuundwa Manaus, kule Brazil, na Pelé mwenyewe akaitangaza. Pakistan bado wanaiunda mpaka leo. Wachina wakaiiga, wakaikuza ikafika cc 150 na 200, na hiyo ndiyo injini iliyojaa barabarani kwetu. Boxer na TVS ni ukoo mwingine, kemshafti zao ziko juu. Sasa mtu anaposema injini ya vijiti ni ushamba, mwambie watu walikaa chini wakafikiria maisha ya mpanda pikipiki maskini, na matokeo ya fikra hizo ndiyo hayo mnayoyapokezana mkononi.

Haya, umeipata pikipiki. Kabla hujatoa shilingi, omba kadi. Soma namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, chini ya usukani, na namba ya injini, ulinganishe na kadi. Futa uchafu kwa brashi na mafuta ya taa, usisugue kwa msasa wala mashine, maana namba iliyosuguliwa ni kesi hata kama pikipiki ni ya babu yako. Rangi nayo imeandikwa kwenye kadi. Ukija kubadilisha injini au rangi, kadi irudi Mamlaka ya Mapato, TRA, ikarekebishwe.

Umefika nayo nyumbani, mkono unawasha. Tulia. Usiifungue bado. Piga picha kila upande: waya unapita wapi, kebo ya klachi imezunguka mbele ya nini, washa ipi iko chini ya bolti ipi. Kisha jaribu kupiga kiki kwa mkono, siyo kwa mguu. Ikiwa imegoma kabisa, usiikanyage. Toa plagi, mimina dizeli iliyochanganywa na oili ndani ya silinda, iache siku kadhaa, uongeze ikikauka. Halafu weka gia ya juu kabisa, shika tairi la nyuma, litikise mbele na nyuma taratibu. Kwa gia ya juu tairi lina nguvu ya kuizungusha injini polepole, nawe unasikia mkononi pistoni inavyoanza kukubali. Anayeruka juu ya kiki anavunja ringi, na wakati mwingine meno ya kiki yenyewe.

Hapo kwenye kufungua kuna jambo linaloharibu pikipiki nyingi kuliko ajali, nalo ni skrubu. Skrubu za nyota za Kijapani zimechongwa tofauti kidogo na bisibisi za nyota tunazouziwa madukani. Zinafanana kwa macho, lakini ncha ya bisibisi yetu haifiki chini ya shimo, kwa hiyo ukikaza mkono inateleza na kuinuka, na kila ikiteleza inakula ukingo. Mara ya tatu shimo limekuwa duara. Tafuta bisibisi iliyochongwa kwa kipimo cha Kijapani, zinaandikwa herufi JIS. Ukikosa, nunua bisibisi ya kugonga kwa nyundo: unaigonga kichwani, yenyewe inabana chini na kuzunguka kwa wakati mmoja. Ndicho kifaa cha kwanza ninachomshauri mtu anunue, kabla hata ya spana nzuri.

Ukishafungua kava la upande wa klachi utaona kikombe kidogo mwishoni mwa kranki, kimefunikwa kwa kifuniko cha skrubu tatu. Hicho ndicho chujio la oili. CG haina lile chujio la karatasi la kutupa. Ina wavu mdogo chini, na hiki kikombe. Kikizunguka na kranki, uchafu mzito unarushwa pembeni na kuganda ukutani. Kwenye pikipiki iliyolala miaka mingi utakuta kimejaa tope jeusi gumu linalong'aa mbavuni kwa unga wa chuma. Likwangue kwa kijiti cha mwanzi, siyo bisibisi, halafu osha kwa petroli. Kidole chako kikitoka na unga wa rangi ya fedha kwa wingi, jua kuna beringi au gia inalika, na hapo lazima uende ndani zaidi. Wenye boda za ukoo huu, kikombe hicho mnacho. Mwulizeni fundi wenu mara ya mwisho alikifungua lini.

Silinda ipimeni, msiikisie kwa macho. Kipenyo cha asili ni milimita 56.5, na mwendo wa pistoni ni 49.5. Ikiwa imelika, inakerezwa na kuwekewa pistoni kubwa kidogo, na hizo zinapanda kwa robo: 0.25, 0.50, 0.75, mwisho 1.00. Nunua pistoni kwanza ndipo upeleke silinda kwa mkerezaji, ili akereze kwa kuifuata pistoni yenyewe iliyo mkononi. Spea za Kichina zinaingia sehemu nyingi, na hiyo ni neema kubwa, lakini siyo zote zinalingana. Chukua venia, kile kipimo cha taya, pima pini ya pistoni, pima urefu kutoka pini hadi kichwa, linganisha na ya zamani. Muuzaji akikuambia "hii ni ya CG" hajakupimia.

Tangi. Hapa nitakaa kidogo, maana tangi likiwa na kutu kabureta halitatulia hata ulisafishe kila asubuhi. Kutu kidogo, siki nyeupe inatosha: jaza, acha siku mbili tatu, mwaga, suuza, kisha suuza tena kwa maji yenye magadi ya kuokea ili kuua ukali wa siki. Kausha haraka kwa upepo, na hapohapo zungusha petroli yenye oili kidogo ndani, kwa sababu chuma kilichotoka kwenye siki kinapata kutu mbele ya macho yako. Kutu nyingi inataka umeme. Jaza maji, yeyusha magadi, yaleyale ya sokoni yanayolainisha maharage. Ning'iniza kipande cha nondo katikati ya tangi, kisiguse ukuta wala mdomo wa tangi. Chaja ya betri: upande wa hasi kwenye tangi, upande wa chanya kwenye nondo. Ukigeuza, utalila tangi lako mwenyewe. Nondo inachakaa, kutu ya tangi inalegea na kuwa tope. Usitumie chuma cha pua badala ya nondo, maji yanaweza kuwa na sumu ya kromiamu. Fanyia kazi hiyo nje, mbali na moto na sigara, kwa sababu vile viputo ni haidrojeni na inalipuka.

Na tangi likitoboka, mama zangu, baba zangu, msimruhusu mtu alichomelee eti kwa kuwa petroli imemwagwa. Mvuke unaobaki ndio unaoua, petroli yenyewe inawaka tu. Atakayechomelea alioshe mpaka harufu iishe, alijaze maji mpaka karibu na tundu, na awe ameshafanya kazi hiyo. Hatari nyingine iko kwenye breki: viatu vya breki vya miaka ile mara nyingi vina asbesto. Lile vumbi usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Lilowanishe, lifute kwa kitambaa, kitupe.

Umeme nitaupita haraka. CG za mwanzo ni volti 6, na umeme wa cheche unakatwa na pointi, vile vidude viwili vinavyokutana na kuachana. Nafasi yake ni kati ya milimita 0.3 na 0.4. Zikiwa safi na zimepimwa, pikipiki inawaka kiki ya kwanza, kwa hiyo sioni sababu ya kuzikimbia. Anayetaka kuhamia volti 12 sawa, lakini ahame na familia nzima: koili za kuzalisha umeme, regyuleta, betri, balbu, honi. Kubadilisha betri peke yake ni kuchoma vitu.

Sasa urembo, ambao najua wengi ndio mliojia. Mmeona kwenye simu pikipiki zimekatwa nyuma, siti fupi imenyooka, usukani uko chini. Mtindo huo ni wa vijana wa Uingereza wa miaka ya 1950 na 1960, waliokuwa wakikutana kwenye mikahawa kama Ace Cafe ya London na kutafuta kufikisha maili 100 kwa saa. Walipunguza kilichokuwa kizito kwa sababu walitaka kasi. Wewe ukikata mkia wa fremu ya CG hupati kasi yoyote. Unapoteza kiti cha abiria, na kama fundi wako amekata karibu na pale shokapu za nyuma zinaposhika, umeharibu mahali panapobeba uzito wote. Siti fupi inaweza kutengenezwa ikafungwa juu ya fremu nzima kwa bolti zilezile. Nimeona zilizofanywa hivyo, na hakuna anayejua tofauti mpaka aambiwe.

Jambo jingine ni lile kava lililofunika cheni yote. Kila kijana anayetaka pikipiki yake "ipumue" analitoa kwanza. Nawasihi, liacheni. Kwenye vumbi letu na matope yetu, kava lile ndilo linalofanya cheni idumu mara nyingi zaidi ya cheni iliyo wazi, na tena ni sura ya CG, ndilo linalomfanya mtu aigundue kutoka mbali. Boksi la filta ya hewa nalo vilevile. Ukilitupa na kuweka filta ndogo ya wazi, hewa inazidi mafuta, pistoni inachemka. Kama lazima uweke, ubadilishe na jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopitisha petroli, ukimbie kidogo, utoe plagi uitazame: iwe na rangi ya chai ya maziwa. Ikiwa nyeupe, simama, mafuta hayatoshi.

Rangi ya fremu na makava unaweza kupuliza mwenyewe. Msasa, praima, rangi, uvumilivu. Tangi nashauri lipelekwe kwa mpiga rangi wa magari, kwa sababu mbili. Rangi ya kopo la kupuliza inayeyuka petroli ikimwagika mdomoni mwa tangi. Ile isiyoyeyuka ni ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuigandisha, na hadina hiyo ina isosayaneti, kemikali inayoweza kukupa pumu ya maisha. Barakoa ya kitambaa haiizuii hata kidogo. Huwezi kuipuliza uani huku watoto wanacheza.

Ikishawaka, usiipeleke siku hiyohiyo kuonyesha watu barabara kuu. Iendeshe taratibu mitaani, mkono ukipanda na kushuka, usiishikilie kwenye mwendo mmoja. Mwaga oili ya kwanza mapema, ikiwa na kilomita mia au mia mbili tu, maana imebeba vumbi lote la ringi mpya. Kaza upya bolti za silinda hedi injini ikiwa imepoa. Asubuhi, kabla hujaiwasha, fungua vifuniko vya tepeti, leta pistoni juu kabisa valvu zote zikiwa zimefunga, pima nafasi iliyopo juu ya valvu: milimita 0.08, ya kuingiza na ya kutoa. Ikizidi itagonga, ikipungua valvu itaungua. Baada ya hapo nenda nayo kazini, nenda nayo shambani, ibebe mizigo. Karibuni maswali, na aliyebaki na kemshafti anirudishie.