Filamu Ilipona, Mwenyewe Hakupona

REHEMA: Habari za wakati huu, msikilizaji, na karibu tena barazani kwetu. Mimi ni Rehema, na kama kawaida niko na kaka Hamisi. Shikamoo kaka.

HAMISI: Marahaba, hujambo?

REHEMA: Sijambo. Leo tuna zile filamu nzuri ambazo zilipotoka watu walizipa kisogo, halafu miaka ikapita ndipo zikaanza kupendwa. Mimi naanza na inayojulikana na wengi, The Shawshank Redemption ya mwaka 1994. Ile ya gerezani, Tim Robbins na Morgan Freeman. Niliiona kwenye kibanda cha video, tumebanana kwenye mabenchi, na siku zote nilidhani ilijaza kumbi za sinema dunia nzima. Kumbe wapi! Iligharimu dola milioni 25, na ilipoonyeshwa mara ya kwanza huko Marekani iliingiza kama milioni 16 tu. Ikateuliwa kuwania tuzo 7 za Oscar, ikarudi mikono mitupu. Kilichoifufua ni mikanda ya kukodi na televisheni.

HAMISI: Ni kweli, na ni filamu ninayoipenda. Lakini ile hainiumizi, Rehema. Frank Darabont aliyeiongoza aliendelea na kazi yake. Miaka mitano baadaye akatoa The Green Mile, na ameishi kuona watu wanavyoililia ile ya kwanza. Filamu ilianguka ikainuka, na mwenyewe alikuwepo kuipokea. Zinazonikosesha usingizi mimi ni zile zilizopona zenyewe, lakini aliyezitengeneza hakupona.

REHEMA: Hakupona kwa maana ya kufa?

HAMISI: Kwa maana ya kunyamaza. Hakuongoza tena. Sisi leo tunaisifu ile filamu moja, tunasahau kwamba ziko nyingine tatu, nne, ambazo hazikuzaliwa kwa sababu ya mapokezi yale.

REHEMA: Haya, tupe jina.

HAMISI: Kaagaz Ke Phool. Kwa Kiswahili ni maua ya karatasi. India, mwaka 1959, mwongozaji Guru Dutt.

REHEMA: Nilijua tu utaanza na Wahindi!

HAMISI: Nimelelewa na bibi Tanga, ningeanzia wapi? Nikiwa na miaka kumi na mbili hivi, mjomba alikuja na mkanda wa video kutoka Dar. Umechoka, juu ya picha kuna mstari mweupe unatetemeka muda wote. Bibi alikuwa mpenzi wa sinema za Kihindi tangu enzi za ujana wake, Jumapili lazima aende. Kihindi hakukijua, ila nyimbo alikuwa nazo kichwani neno kwa neno. Sasa ikafika ile sehemu ya wimbo wa Waqt Ne Kiya. Bibi akaniambia, "Rudisha." Nikarudisha. Ulipoisha, "Rudisha tena." Mara ya tatu nikaona hawaangalii hata waigizaji. Ameinua kidole anafuata ule mwanga. Akasema, "Tazama jua lilivyoingizwa ndani ya nyumba."

REHEMA: Kwa asiyeijua ile sehemu, ielezee kidogo.

HAMISI: Ni studio tupu, kazi imekwisha, kuna giza na mataa makubwa yamesimama kama watu. Mwanamume amesimama upande mmoja, mwanamke upande wa pili. Wanapendana, na haiwezekani, kwa sababu yule bwana ana mke na mtoto. Katikati yao unashuka mwale mmoja mpana kutoka juu darini, vumbi linaelea ndani yake. Wao hawasogei. Halafu unaona nafsi zao zinatoka miilini kama vivuli, zinatembea, zinakutana ndani ya ule mwanga. Hakuna anayemgusa mwenzake.

REHEMA: Na lile si taa, sivyo?

HAMISI: Si taa kabisa, ni jua lenyewe. Mpiga picha wake, V. K. Murthy, alitumia vioo viwili vikubwa. Kimoja kiliwekwa nje kikalikamata jua na kulitupa ndani, kingine kikawekwa juu kule mafundi wa taa wanakopita, kikaupokea ule mwanga na kuushusha chini. Taa ya umeme inatawanyika, jua likitupwa na kioo linakuja limenyooka kama kamba. Kwa hiyo bibi yangu, ambaye hajawahi kukanyaga studio, alikuwa amesema kweli tupu. Jua liliingizwa ndani.

REHEMA: Mimi niliiangalia wiki iliyopita kwa ajili ya kipindi hiki, na nitasema ukweli wangu. Mwanzo ulinishika, mwisho ulinitoa machozi. Lakini vile vichekesho vya Johnny Walker, shemeji wa steringi, vinavuta mno. Kila nikianza kuumia, yeye huyo.

HAMISI: Nakubaliana na wewe. Ilikuwa desturi ya sinema za wakati ule, lazima kuwe na wa kuchekesha, na Johnny Walker alikuwa rafiki mkubwa wa Guru Dutt. Pale filamu inapwaya. Lakini sidhani kama ndicho kilichoiangusha.

REHEMA: Nini basi? Maana miaka miwili nyuma alitoa Pyaasa, na watu waliipenda.

HAMISI: Pyaasa ni habari ya mshairi fukara asiyethaminiwa. Mtu yeyote aliyetoka kibaruani akaingia ukumbini alimwelewa. Huku kwenye Kaagaz Ke Phool anayelia ni mwongozaji maarufu wa filamu, ana gari, ana jina. Mkwewe anaidharau kazi yake, mahakama inamnyima mtoto, pombe inammaliza, mwisho anarudi kwenye ile studio aliyokuwa akiitawala, kuomba kazi ya kupita tu mbele ya kamera kama mtu wa nyuma. Nadhani watazamaji walijiuliza, huyu naye ana shida gani? Wakashindwa kumwonea huruma. Na ikumbukwe ilikuwa filamu ya kwanza ya Kihindi kupigwa kwa Sinemaskopu, ile picha pana. Aliweka ndani yake kila alichokuwa nacho.

REHEMA: Na ile hadithi ni kama alijiandikia mwenyewe. Mwigizaji mkuu ni yeye Guru Dutt, na yule binti anayegunduliwa na kufanywa nyota ni Waheeda Rehman, ambaye kweli ni yeye aliyemwingiza kwenye filamu za Kihindi.

HAMISI: Na anayeuimba ule wimbo ni nani?

REHEMA: Geeta Dutt. Mkewe wa ndoa.

HAMISI: Mkewe! Wakati huo nyumba yao inawaka moto, magazeti yanavumisha mambo ya mumewe na Waheeda. Yeye anasimama mbele ya maikrofoni anatoa sauti itakayowekwa kwenye picha ya Waheeda akimwangalia mumewe. Maneno ya wimbo, aliyoyaandika Kaifi Azmi, yanasema wakati umetutenda ukatili mzuri, wewe si wewe tena, mimi si mimi tena. Nikiusikiliza nikijua hilo, siwezi kufanya kitu kingine chochote.

REHEMA: Nimekaa kimya kwa sababu nausikia kichwani hapa nilipo.

HAMISI: Basi ilipotoka, ikaanguka vibaya. Toka siku hiyo Guru Dutt hakuweka tena jina lake kama mwongozaji kwenye filamu yoyote.

REHEMA: Hapo nikusimamishe kidogo kaka. Aliendelea kuigiza, aliendelea kutoa filamu na kampuni yake. Mwaka uliofuata alitoa Chaudhvin Ka Chand, ikajaza watu na kuiokoa studio yake. Mtu wa namna hiyo tunaweza kusema alinyamaza?

HAMISI: Chaudhvin Ka Chand aliiongoza M. Sadiq. Sahib Bibi Aur Ghulam ya 1962 jina la mwongozaji ni Abrar Alvi, na mpaka leo watu wanabishana ni mkono wa nani. Kwa nini mtu ajifiche kwenye kazi yake mwenyewe? Fedha alizirudisha, ni kweli. Ule ujasiri wa kusema "hii ni yangu" ndio haukurudi. Oktoba 1964 alikutwa amefariki chumbani kwake Bombay, ana miaka 39.

REHEMA: Thelathini na tisa. Mimi huwa namfikiria kama mzee, kwa ule uso.

HAMISI: Na ile filamu ilianza kutafutwa na kusifiwa sana kuanzia miaka ya 1980, ndani na nje ya India. Geeta naye alishafariki, mwaka 1972. Murthy, yule wa vioo, ndiye aliyejaliwa umri. Akapewa tuzo ya Dadasaheb Phalke, heshima kubwa kuliko zote za sinema nchini kwao, mpiga picha wa kwanza kuipata. Alikuwa mzee wa miaka themanini na kitu.

REHEMA: Sasa mimi pia ninaye wangu anayefanana naye, na ni wa Afrika. Djibril Diop Mambéty wa Senegal. Mwaka 1973 alitoa Touki Bouki, yaani safari ya fisi. Vijana wawili, Mory na Anta, wanazunguka Dakar kwa pikipiki yenye fuvu la ng'ombe na pembe zake kwenye usukani, wanatafuta nauli ya kwenda Paris kwa kila njia, ya halali na ya haramu. Tamashani ilipata tuzo, lakini kwa watazamaji wa kawaida haikufika mbali, na wengi walioiona haikuwaingia. Imekatwakatwa, haisimulii moja kwa moja. Filamu yake ndefu iliyofuata, Hyènes, ilitoka lini?

HAMISI: Elfu moja mia tisa tisini na mbili.

REHEMA: Miaka 19 kaka! Kijana alipiga ile ya kwanza hajafika hata miaka thelathini. Akafariki 1998, ameacha filamu ndefu mbili tu. Touki Bouki ikaja kusafishwa na kurejeshwa upya mwaka 2008, na sasa ile pikipiki yenye pembe unaiona imeigwa kila mahali. Mimi nina uchungu na ile miaka 19.

HAMISI: Umenipeleka kwa Charles Laughton. Huyu ni Mwingereza, mwigizaji mkubwa, Oscar alishaichukua tangu miaka ya 1930. Mwaka 1955, huko Marekani, akaongoza filamu moja, The Night of the Hunter. Robert Mitchum ni mhubiri wa uongo anayewawinda watoto wawili kwa sababu ya fedha alizoficha baba yao. Vidole vya mkono wa kulia kachanjwa herufi za neno upendo, vya kushoto za neno chuki.

REHEMA: Na ile ya farasi, mungu wangu. Watoto wamejificha ghalani, alfajiri, yule kaka mtu anatazama nje anaona kivuli cha mhubiri juu ya farasi kinapita mbali, kinaimba wimbo wa kanisani. Mtoto anajiuliza, huyu halali?

HAMISI: Unajua ile ilipigwa ndani ya studio? Walimpandisha mtu wa kimo kifupi juu ya farasi mdogo, ili aonekane yuko maili nyingi.

REHEMA: Sikujua hilo.

HAMISI: Haikueleweka. Si ya kutisha tu, si ya watoto, ni nyeusi na nyeupe wakati watu wanataka rangi. Laughton alikuwa ameshaanza kuandaa filamu yake ya pili, The Naked and the Dead. Ikamtoka mikononi, akaja kuiongoza Raoul Walsh. Laughton akafariki 1962, hakuongoza nyingine. Mwaka 2008 jarida la Cahiers du cinéma la Ufaransa likaiweka The Night of the Hunter nafasi ya pili kati ya filamu 100 bora.

REHEMA: Ya pili, na ndiyo pekee aliyoiongoza.

HAMISI: Ila kuna kitu kimoja. Vile vipande vya picha ambavyo havikutumika, vyenye urefu wa zaidi ya saa nane, vilihifadhiwa. Laughton alikuwa hasimamishi kamera, anaiacha inazunguka huku anaongea. Kwa hiyo unaisikia sauti yake nje ya picha, anamwelekeza mtoto, anasoma mstari yeye, anasema tena, polepole, tena.

REHEMA: Msikilizaji akitaka kuanza na moja wiki hii?

HAMISI: Kaagaz Ke Phool, ina urefu wa saa mbili na nusu hivi. Usiangalie kwenye simu tafadhali, ile picha ni pana, utaukosa mwanga. Zima taa za sebuleni.

REHEMA: Mimi namwita mama. Ule wimbo anaujua, filamu yenyewe hajawahi kuiona.